Soketi ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alifika kwetu Kimandolu ndani ya pikapu ya jirani yake wa Nkoaranga, amekaa mbele na mkoba magotini, na nyuma kumejaa mikungu ya ndizi, kuku, na godoro alilokataa kuliacha. Alikuja kwa amri ya daktari. Yule daktari wa mlimani alimwambia mke wangu bila kuzunguka kwamba kifua cha mama kimeharibiwa na moshi, miaka yote ile ya kuinama kwenye mafiga, na kwamba akiendelea kupikia kuni hatafika mbali. Si kuni, si mkaa, si jiko la mafuta ya taa. Mabinti wengine walikuwa wameolewa mbali, kwa hiyo jambo likawa la mke wangu, na likishakuwa la mke wangu lilikuwa langu.

Mimi nilikuwa nimechoka tangu kabla pikapu haijazima injini. Naanza kwa kusema hivyo ili msije mkanidhania mtu mwema kuliko nilivyo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kinauzwa na kila mtu anauza. Kiwanda nilichofanyia kazi tangu ujana kilibinafsishwa, mwenye kukinunua akatazama idadi yetu akaona ni kubwa, nikajikuta nje ya geti pamoja na wenzangu. Nilipata nafasi kwenye gereji ya kampuni moja ya watalii, fundi umeme wa magari. Magari yalirudi kutoka porini yamelegea kila waya, taa hazioni, honi zinalia zenyewe, na wageni wanataka kuondoka tena alfajiri. Niliondoka nyumbani kabla kuku hawajashuka na kurudi jua likizama. Nilitaka tu kukaa kwenye kiti changu pasipo mtu kuniambia kitu.

Nyumba yenyewe tuliijenga kidogo kidogo, na jiko likaja mwisho. Mke wangu alikuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni wa mradi fulani, na huko aliona meza kubwa iliyojengwa katikati ya jiko, watu wanaizunguka pande zote wakikata vitunguu na kuongea. Aliitamani, nasi tukaijenga: matofali ya saruji, plasta, na juu marumaru za mabaki alizopewa na fundi mmoja. Upande wa dirishani tuliuacha chini kidogo ili aweze kukaa akisukuma chapati. Ndugu zangu walipoiona mara ya kwanza walitazamana. Kitu kirefu cha saruji chenye marumaru juu, kwetu kila mtu anajua ni cha nini, na kwa kawaida hukaa nje karibu na migomba. Shemeji yangu mmoja aliuliza ni nani aliyelala humo. Mama mkwe naye alilizunguka lile jengo, akaligusa kwa ncha ya kidole, akamwuliza binti yake kwa Kimeru kama limeombewa.

Sasa nieleze jambo ambalo vijana wa leo huliona ushamba. Mimi ni Mwarusha wa Oldonyo Sambu. Nilivyolelewa, mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Humpi mkono, hukai naye chumba kidogo, humtazami akila, na jikoni alipo wewe huingii. Mnasalimiana mmoja akiwa mlangoni, macho chini, shikamoo mama, marahaba baba, habari za huko, nzuri, basi. Mama naye alikuwa na msimamo huohuo, tena mkali zaidi. Akiwa na neno kwangu alilipitisha kwa binti yake hata kama nilikuwa nasikia kila kitu. Mwambie mwenzako hivi. Mwambie mama vile. Nilikuwa nimeoa siku nyingi, watoto wameshaanza shule, na bado polisi wangeniuliza sura ya mama mkwe wangu ningeweza kuwaeleza kilemba chake na viatu vyake tu.

Kuishi naye nyumba moja kulinipa adabu mpya. Ukumbi wetu ni mwembamba na unapita mlangoni mwa jiko, kwa hiyo nilikohoa kabla ya kupita ili ajisitiri kama anakula. Naye alikuwa akikohoa kwa ugonjwa wake. Jioni nyingine ungesikia mimi nakohoa huku, yeye anakohoa kule, watoto wanacheka, na mke wangu amesimama katikati hajui amwitikie nani.

Kilichotusumbua hakikuwa adabu, ni chakula. Mama hakutaka kupikiwa. Mke wangu alimpelekea sahani chumbani, ikarudi imeguswa pembeni. Alisema hajalazwa, kwa nini aletewe chakula kitandani. Alisema mchuzi wetu una ladha ya haraka, na hapo hakukosea, maana tulikuwa watu wa haraka. Akaanza kukonda. Kisha siku moja mke wangu alirudi mapema akakuta moshi nyuma ya banda la kuku. Mama alikuwa amepanga mawe, amewasha vijiti vya kahawa alivyokuja navyo kwenye mkoba, anapika kiburu chake cha ndizi na maharage, na anakohoa mpaka ameshika ukuta. Mke wangu aliuzima ule moto kwa ndoo ya maji, wote wawili wakalia. Mimi nilisimuliwa jioni nikiwa nimevua kiatu kimoja.

"Lazima apike," mke wangu aliniambia. "Asipopika hali, na akipika kwa kuni atakufa. Mpe umeme."

Umeme ulikuwepo, mgao ukituruhusu. Tulikuwa na jiko la umeme la koili moja, lile dogo. Lakini soketi zote zilikuwa ukutani, juu ya kaunta ndefu ya kusimamia, na mama akisimama muda wa kukoroga uji alikosa pumzi. Tulijaribu ekstensheni kutoka ukutani hadi kwenye meza ya katikati, kule chini dirishani ambako angeweza kukaa. Waya ukakatisha njia, mtoto akaukwaa, sufuria ikapona kwa bahati tu. Iliyobaki ni kuweka soketi kwenye meza yenyewe. Fundi aliyetandaza waya za nyumba yetu alikuwa amekimbilia Mererani kutafuta mawe ya vito, kama nusu ya mafundi wa mji huu wakati ule. Mke wangu akanitazama. Nikamwambia mimi ni fundi wa magari. Akasema umeme ni umeme.

Umeme si umeme, lakini nilikuwa nimechoka mno kubishana. Nilimwuliza mwenzangu mmoja wa gereji aliyewahi kufanya kazi za majumba, akanieleza waya wa unene gani, fyuzi ya namna gani, na wapi watu hujiua. Madukani mjini vitu vilijaa tele siku hizo, soketi za kila nchi, nyingine ukizibonyeza kwa kidole zinabonyea kama mkate. Nilichagua iliyokuwa nzito, yenye swichi na taa yake nyekundu.

Kazi yenyewe ilinila Jumapili zangu. Waya usingeweza kuruka hewani kutoka ukutani hadi kwenye meza, ilibidi upite chini ya sakafu, na sakafu ile ilikuwa saruji nyekundu aliyoing'arisha mke wangu kwa mikono yake mpaka ikaonyesha uso. Tuliporudi kanisani nilibadili shati, nikashika tindo na nyundo, nikaanza kuchimba mfereji huku mke wangu ameegemea mlango ameziba mdomo kwa khanga. Sijui kama ni vumbi au ni uchungu. Kila nilipotaka kuingia jikoni ilibidi mama kwanza atolewe, avikwe sweta, ashikwe mkono, akalishwe nje kwenye kibaraza. Huo ulikuwa mwezi wa baridi, Meru haionekani kwa mawingu, na yeye yuko nje anakohoa kwa sababu mimi niko ndani. Kisha nikitoka kunywa maji anarudishwa ndani apate joto. Nikimaliza maji anatolewa tena. Nilijihisi mjinga, na pengine yeye pia, lakini hakuna aliyethubutu kuliacha lile zoezi.

Nilipofika kwenye kukata tundu la soketi ubavuni mwa meza, nilihitaji kujua mtu anakaaje pale. Nilimwita mke wangu.

"Mama anakaa wapi?"

"Hapa, anaangalia dirisha."

"Mkono wake unafika wapi?"

Mke wangu akakaa kwenye stuli, akanyoosha mkono wake wa kulia. Nikaweka alama ya penseli pale vidole vilipoishia, upande wa kulia, juu, karibu kabisa na marumaru. Nikapitisha paipu, nikavuta waya, nikafunga boksi, nikaziba mfereji kwa saruji. Kovu lilibaki sakafuni, kijivu kwenye wekundu. Mke wangu alipaka nta juu yake akaacha kulitazama.

Siku ya kwanza mama alipika loshoro, mahindi na maziwa ya mgando. Nilikaa sebuleni nikasikia sufuria, kijiko, na yeye akiongea peke yake kwa Kimeru. Nikaletewa bakuli. Sauti ikatoka jikoni, "Mwulize mwenzako kama maziwa yamechachuka vizuri." Nikasema kwa ukuta kwamba yamechachuka vizuri. Mama alikula usiku ule, mke wangu akanionyesha bakuli lake tupu kama vile ni cheti cha mtoto. Nilifurahi, nasema kweli. Nikafikiri sasa nitapumzika.

Haikupita wiki. Nilirudi kutoka kazini nikakuta nyumba giza, na haikuwa zamu yetu ya mgao. Uji ulikuwa umemwagika kwenye meza, ukateremka ubavuni hadi ndani ya soketi, ikalia, ikatoa moshi mdogo wa plastiki na kuzima nyumba nzima. Mama alikuwa ameungua kwenye kifundo cha mkono na hakumwambia mtu mpaka binti yake alipoona lengelenge. Alikuwa amekaa kitandani, mkoba wake umefungwa. Ametuma salamu kwa mtu wa soko kwamba Jumamosi pikapu ikishuka na ndizi imchukue.

"Mwambie mwenzako ninamshukuru," alisema nikiwa ukumbini. "Amehangaika sana. Lakini moto wangu wa kule unanijua, huu haunijui."

Mke wangu alinifuata chumbani akafunga mlango. Alilia bila sauti, maana kuta zetu ni nyembamba. Akasema mama akirudi mlimani sasa kwenye baridi hii, moto utawaka asubuhi hadi jioni na mlango umefungwa, na sisi tutaitwa kwenda kuzika kabla mvua hazijaanza. Nilikuwa nimechoka na nina hasira, na hasira yenyewe haina mtu wa kumwangukia, kwa hiyo nikamwangukia yeye.

"Sasa uji ulimwagikaje? Swichi iko pale pale mkononi mwake."

"Aliipitishia mkono juu ya sufuria kuizima. Sweta likanasa."

"Kwa nini aupitishe juu? Si anyooshe tu wa kulia?"

"Alitumia wa kushoto."

"Kwa nini wa kushoto?"

Mke wangu aliacha kulia akanishangaa. "Mama ni wa kushoto. Anapika kwa kushoto, analima kwa kushoto, alitupiga kwa kushoto. Hujui?"

"Ningejulia wapi?"

Alifikiri kidogo, akaona kweli, ningejulia wapi. Miaka yote ile sikuwahi kumwona mama akishika kijiko. Yeye naye, aliyemwona tangu azaliwe, hakuwaza kwamba ni kitu cha kusema. Tulikaa kitandani bega kwa bega kama watu waliokosa basi. Kisha nikasema nitalihamisha lile tundu, na mke wangu akasema utalihamishia wapi, utapima tena kwa mkono wangu? Nilijua tayari ninachotakiwa kufanya na sikukitaka.

Kesho yake, Ijumaa, niliomba ruhusa kazini nikarudi mchana. Nilisimama kwenye mlango wa jiko. Mama alikuwa ndani, nikakohoa, akatulia. Nikamwambia mke wangu kwa sauti ya kusikika, "Mwambie mama naomba kuingia. Naomba akae kwenye meza kama anavyokaa akipika, nimpime. Mwambie simaanishi kumvunjia heshima."

Nilisikia kuku nje. Nilikuwa nimeanza kugeuka niondoke aliposema, "Mwambie aingie."

Niliingia nikiangalia sakafu, nikapiga goti kando ya meza na futi yangu ya kupimia. Alikuwa kwenye stuli, ameshika kijiko cha mti kwa mkono wa kushoto, anakoroga sufuria tupu kwa ajili yangu. Hapo ndipo nilipomwona. Alikuwa mdogo. Sijui ni kwa nini sikuwahi kujua kwamba ni mdogo hivyo. Miguu yake haikufika chini, ilining'inia ndani ya soksi za mwanangu. Kila akizungusha kijiko mabega yalipanda kutafuta hewa, na akipumzika alitia kidevu kwenye ukingo wa meza. Uso wake ulikuwa uso wa mke wangu, umekaushwa. Nilisikia uchungu hata nikasahau kusoma futi.

Katikati ya hapo mtu akabisha hodi ya nje, mke wangu akaenda kumsikiliza. Tukabaki wawili. Mama hakunitazama. Aliliangalia dirisha akasema, "Mwambie ashushe kidogo. Bega hilo haliinuki."

Hapakuwa na mtu wa kuniambia. Nikaujibu ubavu wa meza, "Mwambie mama nimesikia. Hapa je?"

"Mwambie bado iko juu."

"Hapa?"

"Hapo. Mwambie na asiiweke mbali, mimi si twiga."

Nilicheka, kichwa kikiwa chini ya marumaru. Nikasikia na yeye akipumua kwa puani namna ambayo nadhani ilikuwa ni kicheko, kisha kikohozi kikaja kikamchukua, kirefu, na kijiko kikaanguka. Nilikiokota nikakiweka mezani karibu na mkono wake wa kushoto. Mke wangu aliporudi alitukuta kila mtu akiangalia upande wake.

Nilifanya kazi ile mchana kutwa. Niliziba tundu la kulia, nikachimba la kushoto, nikafunga soketi mpya chini, mahali mkono unapoanguka wenyewe. Nikabakiza ukingo wa saruji juu yake kama kope ili kitu kikimwagika kisiingie. Safari hii mama hakutolewa nje. Alivuta stuli hadi pembeni mwa dirisha akakaa na shali yake, na vumbi lilipozidi alifunika pua. Mgongo wangu uliuma, magoti yaliuma, saruji ilinikata vidole. Nilipomaliza nilibonyeza swichi, taa nyekundu ikawaka, nikatoka. Mkoba wake ulikuwa bado kitandani umefungwa, niliuona nikipita.

Usingizi wangu ulikuwa mbaya. Mke wangu naye hakulala, nilimsikia akigeuka. Kila kitu cha kuongea kilikuwa kimeshaongewa, na mwenye kuamua yuko chumba cha pili anakohoa.

Pikapu ilifika asubuhi, nyuma tupu, ndizi zimeshashushwa sokoni. Dereva akapiga honi. Mke wangu alikwenda chumbani kwa mama akatoka mikono mitupu, hana mkoba, hana mama. Nikakohoa ukumbini, nikasogea hadi mlango wa jiko.

Alikuwa kwenye meza, mgongo kwangu, kilemba kimekaa vizuri. Koili ilikuwa nyekundu. Sufuria kubwa ilikuwa juu yake na mkono wa kushoto umelala karibu na swichi. Honi ikalia tena. Binti yake alikuwa amesimama karibu naye kabisa, angeweza kumwambia yeye. Lakini mama aligeuza kichwa polepole, akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe mwanawe.

"Baba," alisema, "mwambie aende. Nimeshabandika maharage."

Nilitoka hadi getini kumwambia dereva. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba aende.